Homa ya Manjano na Ini Lako



Mwezi huu tuache korosho kidogo. Tuzungumze juu ya ini.

Umewahi kuchinja kuku au mbuzi. Umeliona ini lake, jekundu na laini, na kifuko cha nyongo kimeshikamana nalo. Na wewe unalo, upande wa kulia, chini ya mbavu. Kazi zake ni nyingi. Leo tushike mbili tu.

Kwanza, chembechembe nyekundu za damu zikizeeka hufa, na huacha rangi ya manjano. Ini huichukua rangi hiyo na kuitia katika nyongo, nayo hutoka na choo. Pili, ini hutengeneza vitu vinavyofanya damu igande. Ukijikata kwa panga, damu hutoka, kisha husimama. Ini likiharibika, haisimami upesi.

Homa ya manjano huletwa na virusi, navyo huchukuliwa na mbu. Mbu akikuuma, virusi huingia katika damu, hufika kwenye ini, na huzaana ndani ya chembechembe zake. Chembechembe hizo hufa. Baada ya siku 3 hadi 6 mtu hushikwa na homa, maumivu ya kichwa na mgongo, na kutapika. Wengi hupona katika siku 3 au 4. Lakini kama watu 15 katika kila 100 hupata nafuu ya siku moja hivi, kisha homa hurudi kwa nguvu. Nafuu hiyo isikudanganye. Sasa ini limeumia. Rangi ya manjano haina wa kuiondoa, basi huonekana machoni na katika ngozi. Damu haigandi. Hutoka puani na kwenye fizi, na ile inayotoka tumboni mgonjwa huitapika ikiwa nyeusi. Figo nazo hushindwa. Katika waliofikia hali hiyo, hata nusu hufa. Anayepona, ini lake hujijenga upya bila kovu.

Si kila macho ya manjano ni ugonjwa huu. Malaria huleta manjano, na homa ya ini pia. (Gongo nayo ina kesi yake na ini, tutaisikiliza siku nyingine.) Nenda zahanati ukapimwe. Usimeze aspirini, maana huzidisha kutoka damu.

Utasema: Bwana Shamba, ugonjwa huo huku Mtwara hauko. Ni kweli, Tanzania imehesabiwa kuwa nchi yenye hatari ndogo. Lakini jirani zetu wa Kenya uliwapata katika Bonde la Kerio mwaka 1992, na Isiolo mwaka 2022. Na mbu wake sisi tunaye. Mwaka 1952 watu wa Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, waliugua homa ya maumivu makali ya viungo. Leo dunia nzima inaiita chikungunya, kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Waliochunguza walimkuta mbu huyu katika mitungi ya maji majumbani. Maji yalikuwa ya shida, kila nyumba iliyahifadhi.

Mbu huyu ni mweusi, ana mistari meupe miguuni. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mayai yake huyabandika ndani ya mtungi, juu kidogo ya maji, na yakikauka hukaa miezi mingi bila kufa. Ndiyo maana kumwaga maji tu ni kazi bure. Sugua mtungi kwa brashi kila wiki, ndipo uujaze na kuufunika. Nanyi wa Msimbati na mwambao wote hadi mdomo wa Ruvuma, tazameni vifuu vya nazi, makopo, na mtumbwi mkuukuu uliojaa maji ya mvua.

Dawa ya kuua virusi hivi hakuna. Chanjo iko. Sindano moja hukinga maisha yote. Ukitaka kusafiri kwenda Kongo, Angola au Uganda, uchanjwe siku 10 kabla, na kadi uitunze pamoja na pasipoti.