Sare ya Mchezo wa 41

Askari wa Ruharo, kama wenzake wa Mbarara nzima, amelelewa na mpira, na katika mpira sare ni jambo la kusikitikia. Ndiyo maana awaonapo wachezaji wawili hodari wa sataranji, au chesi kama wengi wanavyouita, wakipeana mikono baada ya saa tano pasipo mshindi, huuliza kwa kejeli: muda wote huo walikuwa wakifanya nini? Swali hilo lastahili jibu.

Mwezi Septemba 1984, mjini Moscow, bingwa wa dunia Anatoly Karpov alianza kupambana na kijana Garry Kasparov. Kanuni ilikuwa kwamba atakayetangulia kushinda michezo 6 ndiye bingwa, na sare haihesabiwi. Hadi mwisho wa Novemba Karpov alikwisha kushinda mitano. Kasparov hakuwa na hata mmoja. Tangu hapo kosa moja tu lingemwangamiza.

Hakukurupuka kushambulia. Alilinda. Sare nne zikapita, akashinda mchezo wa 32, kisha akarudi kulinda. Katika mchezo wa 41 Karpov alipata nafasi ya kumaliza kazi, asiione. Kasparov, ambaye alikuwa amesongwa barabara, akazidi kutafuta hatua moja baada ya nyingine mpaka ikawa sare. Hesabu ya ushindi haikusogea, lakini mtu aliyekuwa ukingoni mwa shimo alikuwa bado amesimama.

Hatusemi kwamba kila sare ni tukufu. Katika shindano hilo hilo sare 17 zilifuatana, na kulikuwa na michezo iliyokwisha kwa mapatano kabla ya hatua ya 20, majeshi yakiwa hayajagusana. Hata mlinzi aliyelala lindoni huandika asubuhi kwamba hali ilikuwa shwari. Gazetini sare zote huandikwa kwa neno moja, na hapo ndipo msomaji hudanganyika.

Kasparov alishinda michezo ya 47 na 48. Tarehe 15 Februari 1985 Florencio Campomanes, rais wa shirikisho la dunia, alisimamisha shindano: michezo 48, sare 40, Karpov 5, Kasparov 3. Likaandaliwa shindano jipya, na tarehe 9 Novemba mwaka huo huo Kasparov akatwaa ubingwa, umri wake miaka 22.