Picha bila mahali ni nusu ya ushahidi

Tangu Jiji la Kigali lilipoamua kuifunga barabara ya Gisimenti kwa magari mwishoni mwa wiki, mtaa huu wa Remera umekuwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa picha sana jijini. Wamo vijana wenye simu, wamo wapigapicha wa harusi wanaofuata taa za usiku, wamo wanahabari waliotumwa na wahariri wao, na wamo wageni wanaotoka kwenye mechi Amahoro au kwenye tamasha BK Arena. Picha zao zikifika kwenye kompyuta hutiwa kwenye folda yenye jina la tukio na tarehe, basi. Mahali hasa zilipopigwa hubaki kichwani mwa mpigapicha, na mpigapicha huhama, husahau, hufa. Nashikilia kwamba kila anayepiga picha za Kigali kwa kamera ya kazi anapaswa kutembea na kifaa cha GPS cha kurekodi njia, na kwamba mahali panapopatikana kwa kifaa hicho pahifadhiwe pamoja na picha tangu siku ya kwanza. Jambo hili lina hatari zake na nitazifikia. Lakini hatari tuliyokwisha kuizoea ni kubwa kuliko hizo: kurundika maelfu ya picha za jiji ambalo watakaokuja baadaye hawataweza kulitambua.

Wengi watasema inatosha kuandika "Gisimenti" kwenye maelezo ya picha. Haitoshi, kwa sababu majina ya mahali hayadumu, na Rwanda inalijua hilo vizuri. Mwaka 2006 mikoa 12 ilipunguzwa ikawa mitano, Jiji la Kigali likiwemo, na miji ikapewa majina mapya: Butare ikawa Huye, Gitarama ikawa Muhanga, Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu. Picha ya mwaka 1998 iliyoandikwa "Gitarama" inamlazimu msomaji wa leo kubahatisha kama aliyeiandika alikusudia mji au mkoa mzima, ambao sasa haupo. Ndani ya Kigali barabara zimepewa alama za herufi na namba, KG kwa Gasabo, KN kwa Nyarugenge, KK kwa Kicukiro, na mwenye picha iliyoandikwa jina la zamani la barabara hana budi kuuliza wazee. Ukumbi uliofunguliwa mwaka 2019 kwa jina la Kigali Arena ukawa BK Arena mwaka 2022. Sehemu ya katikati ya jiji iliyofungwa kwa magari mwaka 2015 sasa inaitwa Imbuga City Walk. Na pale jina liliposalia, mahali penyewe pamegeuka. Uwanja wa Amahoro, si mbali na Gisimenti, ulifunguliwa upya Julai 2024 ukiwa na nafasi ya watu 45,000, na anayeutazama leo hauoni ule uliowahifadhi maelfu ya watu chini ya askari wa Umoja wa Mataifa wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kwa picha za siku zile, swali la imepigwa wapi, na upande upi wa ukuta, si swali la mapambo. Kangondo na Kibiraro, zilizokuwa katika sekta hii hii ya Remera, zimebomolewa na wakazi wake wengi wamehamishiwa Busanza. Picha ya nyumba ya Kangondo iliyoandikwa "Kigali" tu haimwambii kitu mtu ambaye hakuwahi kuiona nyumba hiyo. Ikiwa na latitudo na longitudo yake, mjukuu wa mwenye nyumba anaweza kwenda kusimama pale pale.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaenea mfukoni, na hakihitaji kuunganishwa na kamera kwa njia yoyote. Kinapokea mawimbi ya setilaiti zinazozunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, kinakokotoa kilipo, kisha kila baada ya sekunde chache kinaandika saa, latitudo na longitudo. Jioni unapata faili la njia, mara nyingi la aina ya GPX, ambalo ni maandishi matupu yanayofunguka kwenye programu nyingi za ramani. Kamera nayo, kwa kufuata kanuni za Exif zilizotolewa Japani mwaka 1995, huandika ndani ya kila picha tarehe na saa ya kupigwa. Programu kama ExifTool, ambayo hailipiwi, huchukua saa ya picha, hutafuta kwenye njia nukta ya saa hiyo hiyo, na kuiandika ndani ya picha. Picha za siku nzima humalizika kwa dakika chache.

Kila kitu basi kinategemea saa, na hapo ndipo wengi huharibu. Saa ya setilaiti haina mjadala, ila saa ya kamera huwekwa kwa mkono na huteleza taratibu mwezi hadi mwezi. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hukata zaidi ya mita 660 kwa dakika moja, kwa hiyo kamera iliyokosea dakika mbili yaweza kuitoa picha Gisimenti na kuipeleka mtaa mwingine kabisa. Tena Kigali iko nyuma ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa saa nzima. Mwanahabari akitua uwanja wa ndege wa Kanombe akitokea Nairobi bila kurekebisha kamera, picha aliyoipiga Gisimenti saa nane mchana itaandikwa saa tisa, na programu itaiweka alikokuwa saa tisa, pengine Nyabugogo. Hadi mwaka 2016 kanuni za Exif hazikuwa hata na nafasi ya kuonyesha kwamba saa iliyoandikwa ni ya ukanda upi, na kamera nyingi zinazotumika hadi leo ni za kabla ya hapo. Kinga yake ni ndogo: kabla ya kuanza kazi, piga picha moja ya kioo kinachoonyesha saa ya GPS pamoja na sekunde zake. Kwa picha hiyo moja, tofauti kati ya saa mbili inajulikana na kurekebishwa, hata miaka kumi baadaye.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la usalama na faragha, na wanaolitoa wana haki. Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha picha ya John McAfee, tajiri wa programu za kompyuta aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize kwa mahojiano. Picha ilipigwa kwa simu, latitudo na longitudo zikabaki ndani yake, na muda si muda ulimwengu ukajua kwamba yuko Guatemala. Karibu nasi kuna Akagera, ambako faru weusi 18 walirejeshwa mwaka 2017 kutoka Afrika Kusini baada ya hifadhi kubaki miaka bila faru. Picha ya mtalii ikirushwa mtandaoni na mahali pake ndani, jangili hahitaji mpelelezi. Gisimenti kwenyewe, mtu aliyekaa mezani na rafiki zake usiku wa Ijumaa hakuomba kuandikwa kwenye ramani, wala bibi harusi aliyepigwa picha nyumbani kwao hakukubali mlango wa wazazi wake utangazwe. Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 ya ulinzi wa data binafsi na faragha inamlinda mtu anayeweza kutambulika kwa taarifa za aina hii, na Kenya, Uganda na Tanzania nazo zina sheria zao. Mpigapicha anayepuuza haya anahatarisha watu wasiomjua na wasioweza kujitetea.

Lakini tazama hatari ilikotoka. Katika kisa cha Guatemala, simu iliandika mahali ndani ya picha papo hapo, pasipo mtu kuamua, na picha ikaondoka nayo. Kifaa cha pembeni hufanya kinyume. Picha hutoka kwenye kamera ikiwa haina mahali, na njia hukaa kwenye faili lake peke yake. Viwili hivyo vinakutana pale tu mwenye kazi anapokaa na kuamua vikutane, na anaweza kuamua vikutane kwenye nakala moja na visikutane kwenye nyingine. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kupendelea kifaa hiki: kinatenganisha tendo la kurekodi na tendo la kutangaza, mambo mawili ambayo simu imeyafunga pamoja. Nakala ya kumbukumbu iwe na mahali pake kamili. Nakala ya gazetini, ya mteja au ya mtandaoni isiwe nayo, au ibaki na jina la mtaa tu. Sidai kwamba hapo hatari imekwisha. Faili la njia linaonyesha mpigapicha analala wapi, anapita wapi na amekutana na nani, kwa hiyo lifungwe kwa nywila na lisiachwe kwenye kompyuta ya studio inayotumiwa na kila mtu. Na mwanahabari anayekwenda kuonana na mtu aliyempa habari kwa siri akizime kifaa, asikiweke mfukoni kwa matumaini kwamba atafuta baadaye.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu anunue kifaa wakati simu aliyo nayo inajua ilipo. Swali zuri, na jibu lake linapunguza gharama: simu hiyo hiyo inaweza kuwa kifaa cha kurekodi njia kwa programu isiyolipiwa, ikawa mfukoni ikiandika njia huku kamera ikipiga picha. Kasoro yake ni betri, kwani siku ndefu ya harusi inayoanzia asubuhi nyumbani na kuishia usiku ukumbini huimaliza simu mapema, na simu iliyozimika haipokei hata wito wa mteja. Kupiga picha zenyewe kwa simu ni jambo jingine. Kwa kazi ya usiku na ya mbali kamera bado iko mbele, na kamera nyingi za kazi hazina GPS ndani. Isitoshe, picha za simu hupita WhatsApp, na WhatsApp ikishaibana picha huiondolea taarifa za ndani, mahali pamoja na saa. Wanaofurahia hilo kama kinga wana hoja kwa upande wa nakala ya kutuma. Shida ni kwamba wengi hawana nakala nyingine. Simu ikipotea, kilichobaki ni picha iliyovuliwa kila kitu, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuhusu usahihi, tusidanganyane wala tusiogopeshane. Mahali penye anga wazi simu ya kawaida hukosea kiasi cha mita tano, na Gisimenti, yenye majengo ambayo si marefu sana, si mahali pagumu. Kimo juu ya usawa wa bahari hukosewa zaidi. Kosa kubwa hasa si la setilaiti bali la uelewa wetu: kifaa kinasema mpigapicha alisimama wapi, hakisemi alichokipiga kiko wapi. Katika jiji la vilima jambo hili lina uzito wake. Mtu husimama Remera akaivuta kwa lenzi ndefu nyumba iliyo kilima cha pili, na ramani ikaonyesha kwamba nyumba hiyo iko Remera. Kwa hiyo namba haziondoi wajibu wa kuandika maelezo. Anayepiga kitu cha mbali aandike upande aliotazama na jina la anachokitazama, na anayesoma kumbukumbu afundishwe kwamba nukta ile ni ya miguu ya mpigapicha.

Kwamba watu wa kawaida wanaweza kazi hii si jambo la kubuni. Vijana wa Kibera, Nairobi, waliuchora mtaa wao kwa vifaa vya GPS kuanzia mwaka 2009 katika mradi wa Map Kibera, na Dar es Salaam wanafunzi na wakazi walichora maeneo ya mafuriko katika mradi wa Ramani Huria. Rwanda yenyewe iliona umuhimu wa mahali Mei 2023, wakati mafuriko na maporomoko ya udongo yalipoua zaidi ya watu 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Picha nyingi zilisambaa. Picha inayoonyesha ukuta ulioanguka humsikitisha mtazamaji, ila mhandisi anayetaka kujua mteremko upi ulikatika, na maji yalifika umbali gani kutoka mtoni, anahitaji kujua imepigwa wapi.

Nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba inathamini mahali kwa vipimo. Katika mpango wa uandikishaji ardhi ulioanza mwaka 2009, vipande zaidi ya milioni 10 viliandikishwa kwa msaada wa picha za angani, kila kipande na mipaka yake. Shamba la mihogo huko Bugesera lina mahali panapojulikana rasmi, ilhali picha za miaka hii ya Gisimenti, mtaa unaojengwa na kubomolewa mbele ya macho yetu, hazina. Wahariri wa picha wa Kigali hawahitaji kungoja sheria wala mfadhili ili kulirekebisha hili. Waanze na kanuni moja: picha ya habari isiingizwe kwenye kumbukumbu ya chombo bila faili la njia la siku hiyo, isipokuwa pale mpigapicha atakapoeleza kwa nini alikizima kifaa.