Motokaa ya Umeme Yataka Dereva wa Kuona Mbele

Siku hizi habari za motokaa za umeme zasikika kila mahali, hata hapa kwetu Korogwe na kwa jirani zetu wa Handeni. Wengi wanaozisifu hutaja jambo moja: hazina klachi, hazina gia za kubadili, wala hazinywi petroli, basi, husema, mtu yeyote aweza kuziendesha. Mimi nasema sivyo. Naona kuwa motokaa hizi zataka dereva aliyefundishwa zaidi, na yafaa mafundisho hayo yaanze kabla hazijawa nyingi barabarani.

Asidhani mtu kuwa nazungumza ndoto. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walitengeneza motokaa ya umeme iitwayo Kiira EV mwaka 2011. Mjini Nairobi mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Na hapa Tanzania treni ya umeme yatuchukua kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma tangu mwaka 2024. Umeme wenyewe si mgeni wetu, maana mtambo wa Hale, katika wilaya hii ya Korogwe, ulianza kufua umeme kwa maji ya mto Pangani mwaka 1964.

Kaka yangu ni dereva wa Hiace baina ya Korogwe na Handeni. Nilipomweleza habari hizi alinuna, akasema kuwa gia zikiondoka, na ufundi wake umekwenda nazo. Nadhani wako madereva wengi wenye hofu kama hiyo, nao ndio wanaolisha nyumba nyingi za wilaya zetu mbili. Nataka kuwaonyesha kuwa hofu hiyo haina msingi.

Polisi wa Uingereza wana kitabu chao cha uendeshaji wa hali ya juu, Roadcraft, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1955. Humo dereva hufundishwa kuikabili kila hatari kwa utaratibu: kwanza apate habari za mbele na nyuma, pili achague mahali pa kupita barabarani, tatu arekebishe mwendo, nne achague gia, tano ndipo aongeze mwendo. Hesabuni wenyewe. Gia ni jambo moja katika matano. Ukiliondoa, yabaki manne, na yote ni kazi ya macho na akili.

Motokaa ya umeme humlipa dereva wa namna hiyo. Mguu ukiinuliwa kwenye pedali ya mwendo, mota hugeuka jenereta; matairi huizungusha, nayo hurudisha umeme katika betri huku ikipunguza mwendo. Lakini hairudishi wote, maana kila umeme unapobadilishwa sehemu yake hupotea kwa joto. Kwa hiyo dereva bora ni yule anayeona mbali, akainua mguu mapema, akaiacha motokaa itiririke mpaka mwendo upungue wenyewe. Kutoka Korogwe mpaka Handeni ni kiasi cha kilometa 65, na njia yapanda kutoka bonde la mto. Mwenye pupa ya kukanyaga na kushika breki katika kila kijiji atafika betri imepungua sana; mwenye macho ya mbele atafika na akiba.

Tena kuna hatari ambazo dereva wa petroli hazijui. Fikirini njia ya kuteremka kutoka Lushoto mpaka Mombo, yenye kona nyingi na mteremko wa karibu mita 1,000. Kwa hesabu ya fizikia tunayosoma darasani, motokaa yenye uzito wa kilo 1,800 ikiteremka hapo hutoa nguvu ya karibu uniti tano za umeme. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo yaweza kurudi katika betri. Lakini dereva akiwa ameijaza betri pomoni huko Lushoto, umeme hauna pa kwenda. Mguu utainuliwa na motokaa haitakamatwa kama alivyozoea. Nguvu yote itaangukia breki za kawaida, nazo zitapata moto. Dereva aliyefundishwa ataondoka Lushoto akiwa ameacha nafasi katika betri. Asiyefundishwa atalijua jambo hilo konani.

Yako na mengine mawili. Motokaa hizi ni nzito kwa sababu ya betri, na huruka mara moja zinapokanyagwa, bila kungoja injini ipande. Kijana mwenye haraka atashawishika kulipita lori mahali pasipofaa. Sisi wa wilaya hii hatuhitaji kukumbushwa maana yake: Februari 2023, hapa Korogwe, lori liligongana na basi dogo lililokuwa likisafirisha maiti kwenda maziko, na watu zaidi ya kumi na watano wakafa. La pili ni ukimya. Watoto wa njiani na wachungaji wa Handeni wamezoea kuisikia motokaa kabla ya kuiona. Nchi za Ulaya zimelazimisha motokaa mpya za umeme zitoe sauti zinapokwenda polepole, lakini sauti hiyo haimwondolei dereva wajibu wa kumwona mtoto kabla mtoto hajamwona yeye.

Wako watakaosema kuwa motokaa hizi zina kompyuta, nazo zitasahihisha makosa ya mtu. Ni kweli zasaidia. Lakini kompyuta haijui kuwa nyuma ya ng'ombe mmoja anayevuka wako kumi vichakani. Dereva wa Handeni anajua.

Basi, rai yangu ni hii. Shule za udereva za Tanga na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji ziwafundishe madereva wetu utaratibu huu sasa, wakiwa bado katika Hiace, bajaji na pikipiki za petroli, kwa kuwa waokoa mafuta na roho leo kama utakavyookoa betri kesho. Ada isiwe ya kumshinda mtu wa kipato cha kaka yangu. Na chama chetu cha mjadala kimwalike askari wa trafiki wa wilaya muhula ujao, tumwulize maswali haya mbele ya shule nzima. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Mimi naongeza kuwa huyo mwenda pole lazima awe na macho yaliyotangulia mbali kuliko magurudumu yake.