Zamu ya Mlutheri, huku na Marekani

Nina dukuduku kuhusu jambo ambalo sisi wakazi wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa tunalisikia kila unapokaribia uchaguzi. Jambo lenyewe ni kwamba Ikulu ina zamu za madhehebu, na kwamba zamu ya Walutheri imechelewa.

Miaka kadhaa iliyopita usharika mmoja wa huku ziwani, ambao sitautaja, ulifanya harambee ya bati. Alikuja bwana mmoja mtia nia, akatoa bati zake kwa moyo mkunjufu, kisha akaomba kusalimia. Salamu ikawa ndefu. Akasema Wakatoliki wamepata, Waislamu wamepata, je, sisi Walutheri tutapata lini? Watu wakapiga makofi na akina mama wakapiga vigelegele. Kando yangu alikaa mzee jirani yangu, ambaye ni Mmoravian na alikuja kutuchangia kama ilivyo desturi yetu. Akaniinamia akaninong'oneza: "Sasa ndugu yangu, hapa mimi nisimame au nikae?" Sikuwa na la kumjibu, na tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari swali lake.

Ndugu Mhariri, hoja hii ilisikika taifa zima Septemba 1915 ingekuwa ni karne iliyopita, lakini ilikuwa juzi tu, Septemba 2015, pale marehemu Edward Lowassa, aliyekuwa mgombea urais kwa tiketi ya Chadema na vyama vya UKAWA, aliposimama ndani ya kanisa la KKKT mjini Tabora na kuwaomba waumini wamwombee kwa kuwa hajapata kutokea Rais Mlutheri. Alilaumiwa sana. Nadhani lawama ilistahili, ila wengi waliomlaumu hawakujisumbua kuipima hoja yenyewe. Mimi naomba tuipime.

Kwa upande wa hesabu hakukosea. Nyerere, Mkapa na Magufuli walikuwa Wakatoliki. Mwinyi na Kikwete ni Waislamu, na vivyo hivyo Samia. Mlutheri hayumo. Lakini anayedai kwamba Walutheri wamewekwa kando katika nchi hii ama hajui historia au anatudanganya. Solomon Eliufoo, mwalimu Mlutheri aliyesoma mpaka Marekani, alichukua uongozi wa Wachagga baada ya cheo cha Mangi Mkuu kukataliwa mwaka 1960, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Elimu. Cleopa Msuya alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, kuanzia 1980 hadi 1983 na tena kuanzia 1994 hadi 1995. Lowassa mwenyewe alikuwa Waziri Mkuu kuanzia mwisho wa 2005 hadi Februari 2008. Freeman Mbowe aliongoza chama kikubwa cha upinzani kwa miaka zaidi ya ishirini. Hao si watu walionyimwa mlango.

Na hapa watu wa Kyela tuna la kukumbuka. Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond iliongozwa na Mbunge wetu wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yake iliposomwa Bungeni, Lowassa alijiuzulu tarehe 7 Februari 2008, huku akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Mtu anaweza kukubali taarifa ile au akaikataa. Lakini ilihusu mitambo, zabuni na fedha za umma. Hakuna aliyeuliza Waziri Mkuu anasali wapi. Miaka saba baadaye, mtu yule yule aliposimama Tabora, dhehebu likatangulizwa mbele kana kwamba ndilo jibu la maswali yale. Uchaguzi wa Oktoba 2015 alipata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40, na sidhani kama kuna mwenye akili timamu anayeamini kwamba kura zile zilikuwa za Walutheri. Zilikuwa za watu waliotaka mabadiliko, Waislamu kwa Wakristo.

Sasa tutazame Marekani, maana wapo wasomi wetu wanaopenda kusema kwamba huko kila dhehebu hupata haki yake. Ndugu wasomaji, Marekani nayo haijapata kuwa na Rais Mlutheri hata mmoja tangu George Washington! Spika wa kwanza kabisa wa Baraza la Wawakilishi, mwaka 1789, alikuwa Frederick Muhlenberg, ambaye alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Kaka yake Peter, naye mchungaji, aliacha madhabahu akawa jenerali katika vita vya kumwondoa Mwingereza. Inasimuliwa kwamba Frederick alimlaumu sana kaka yake kwa kuchanganya uchungaji na bunduki, kisha yeye mwenyewe akaingia katika siasa na hakutoka tena. Baadaye kabisa, William Rehnquist, Mlutheri, alikuwa Jaji Mkuu kuanzia 1986 hadi alipofariki 2005, na ndiye aliyesimamia kesi ya Rais Clinton mbele ya Seneti mwaka 1999. Seneta Paul Simon wa Illinois, mtoto wa wamisionari wa Kilutheri waliohubiri China, alijaribu kugombea urais mwaka 1988 akashindwa mapema ndani ya chama chake. Tim Walz, aliyechaguliwa gavana wa Minnesota mwaka 2018, aligombea umakamu wa rais mwaka 2024 pamoja na Kamala Harris, nao wakashindwa.

Kwa nini iwe hivyo? Walutheri wa kule walikuwa wahamiaji wa Kijerumani na wa nchi za Skandinavia. Wengi walikwenda kulima majimbo ya kaskazini kama Minnesota na Wisconsin, na kwa miaka mingi walisali kwa lugha zao za nyumbani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Mjerumani alitazamwa kwa jicho baya, wengi wakajiepusha na makuu. Juu ya hayo, Luther alifundisha kwamba Mungu hutawala kwa njia mbili, kwa Neno na kwa sheria za dunia, na kwamba ni makosa kuzivuruga. Basi walizalisha magavana na maseneta wengi kule kaskazini, lakini Ikulu hawakuifika. Tena Katiba yao ya 1787 inakataza kabisa kumpima mtu kwa dini yake anapopewa madaraka.

Jambo linalochekesha ni hili. Kanisa kubwa kuliko yote ya Kilutheri Marekani leo lina waumini wasiofika milioni 3. KKKT inao zaidi ya milioni 6. Kama ni kudai zamu kwa wingi, basi sisi tungewatangulia! Lakini wingi huo utahesabiwaje? Tangu Sensa ya 1967 Serikali haijamwuliza mwananchi dini yake, na Katiba yetu, Ibara ya 3, inasema wazi kwamba hii ni nchi isiyokuwa na dini. Kila anayesimama jukwaani na kutaja asilimia za waumini amejitungia.

Naomba nirudi ziwani kwetu, maana hapa ndipo hoja ya zamu inapovunjika kabisa. Mwaka 1891 wamisionari wa aina mbili walifika katika nchi ya Konde karibu wakati mmoja. Wamoravian wa Herrnhut walishika upande wa magharibi, wakakaa Rungwe na baadaye Ipyana. Wamisionari wa Berlin, ambao ni Walutheri, walishika upande wa mashariki, na Matema ni matunda yao. Waligawana nchi kama ndugu wanavyogawana shamba. Babu yangu hakusoma Katekisimo ya Luther akailinganisha na mafundisho ya Wamoravian. Alikuwa Mlutheri kwa sababu nyumba ya baba yake ilikuwa upande wa Waberlin. Jirani yangu yule ni Mmoravian kwa sababu hiyo hiyo, kwa upande wa pili. Tunasema Kinyakyusa kimoja, mafuriko yanatupiga pamoja, kakao tunaiuza kwa bei moja, na kuna nyumba ambamo mume ni wa huku na mke ni wa kule. Mimi nikipiga kura kwa kufuata dhehebu, ninafuata mpaka uliochorwa na Wajerumani ambao hawakumwuliza hata mmoja wetu. Hata huo Ulutheri mmoja wa Tanzania ni wa 1963, pale makanisa saba yalipoungana na kuwa KKKT. Kabla ya hapo Mlutheri wa Machame na wa Matema walikuwa na makanisa mawili tofauti.

Wala tusijidanganye kwamba Walutheri wana sauti moja. Dayosisi yetu ya Konde iligombana mpaka kuaibika kwa sababu ya makao makuu, yabaki Tukuyu au yaende Mbeya, na mwaka 2022 askofu akaondolewa na mwingine akachaguliwa. Watu walioshindwa kukubaliana juu ya ofisi watakubaliana vipi juu ya Rais?

Sisemi kanisa linyamaze. Pasaka ya 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka uliogusa uhuru wa wananchi na haja ya Katiba mpya. Juni ikatoka barua ya Msajili wa Vyama ikiwataka waufute, na Waziri wa Mambo ya Ndani akaikana barua ile na kumsimamisha Msajili. Waraka ule ulisomwa hata na wasiokuwa Walutheri, maana ulizungumza habari za nchi nzima. Mtu aliweza kuupinga kwa hoja. Zamu haipingiki kwa hoja, kwa kuwa haina hoja ndani yake.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wachungaji na wazee wa kanisa wa mwambao huu, wa Kilutheri na wa Kimoravian. Mtia nia akija na bati, mpokeeni, mwandikieni risiti, mumpe kiti mbele akitaka. Kipaza sauti msimpe. Kama ana la kusema, uwanja wa mpira upo, na huko tutamwuliza habari za kakao na za dawa katika zahanati zetu, na jirani yangu atauliza wa kwanza.

Mkulima na Msharika,
Matema, Kyela.