Tuhesabuni sisi, msizihesabu kompyuta zetu

Kila tukizungumza kwenye kipindi kuhusu kurekodi sauti za wazee wetu, maswali yanayofuata huwa yale yale: mnatumia programu gani, na mtu anaipataje bila ya kulipa? La kwanza jepesi. La pili linataka makala nzima, na ndiyo hii. Msimamo wangu nausema mapema ili tusipotezeane wakati: kuiba programu si sawa, na ile hesabu ya "kompyuta 2 tu, basi" wanayotuwekea wenye programu si sawa vile vile. Mtu akishalipa, ahesabiwe yeye. Isihesabiwe mashine yake.

Kwanza tuelewane maneno, maana wengi wetu mambo haya tumeyajua kwa Kiingereza cha kazini na Kiarabu cha karatasi za serikali, Kiswahili tumekiacha jikoni kwa bibi. Leseni ni ruhusa ya kutumia kitu. Kuamilisha ni kuifungua programu kwa idhini ya mwenyewe. Unaingiza ufunguo, ile mistari ya herufi na namba. Programu inachungulia ndani ya kompyuta yako: diski, kadi ya mtandao, madabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba kila kitu. Kutokana na hivyo inatengeneza kama alama ya kidole ya mashine, inaipeleka kwenye seva ya kampuni, na seva inahesabu. Hesabu haijajaa, unafunguliwa. Imejaa, pole yako.

Haikuwa hivi siku zote. Sisi tuliokulia Darsait tunakumbuka programu zikija kwenye CD, namba imeandikwa kwenye kasha. CD moja ilizunguka nyumba ngapi kati ya Darsait na Ruwi, Mungu ndiye ajuaye. Mwaka 2001 Microsoft ikatoa Windows XP, na mtu wa kawaida nyumbani akapewa siku 30 za kuiamilisha. Mwaka 2013 Adobe ikatangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake kubwa yatapatikana kwa kulipia muda tu. Mwaka 2016 Autodesk, wenye AutoCAD, nao wakaacha kuuza leseni mpya za kudumu. Tulianza kwa kununua, sasa tunakodi, na kodi yenyewe ina idadi ya milango.

Sasa sikilizeni, wazee wetu wa Unguja na Pemba hili jambo la haki ya kutumia bila kumiliki wanalijua kuliko sisi. Kule mti na ardhi ni vitu 2 mbalimbali. Mtu anaweza kuwa na mikarafuu yake au minazi yake juu ya ardhi ya mtu mwengine. Ardhi si yake, lakini mti ni wake. Anauvuna, anauuza, na akifa watoto wake wanaurithi. Mimi mpango huo na kampuni za programu ningeukubali leo hii: ardhi yenu, mti wetu. Kichwa cha programu kibaki chenu, sitaki siri zenu, lakini nilicholipia niweze kukihamisha, kumpa mdogo wangu, kumwachia mwanangu. Leseni nyingi hazikupi mti. Zinakupa ruhusa ya kukaa kivulini, na mwenye mti anahesabu viti.

Na msidhani hili ni lalamiko la mtu wa Maskati peke yake. Mahakama zenyewe hazikubaliani. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa huko Marekani, kwenye kesi ya Vernor na Autodesk, ilisema aliyechukua programu kwa leseni yenye masharti si mmiliki wa nakala ile, kwa hiyo hawezi kuiuza anavyotaka. Mwaka 2012 mahakama ya Umoja wa Ulaya, kwenye kesi ya UsedSoft na Oracle, ikaelekea upande mwengine: leseni ya kudumu ikishalipiwa, mwenyewe anaweza kumuuzia mtu mwengine, mradi yake mwenyewe aache kuitumia. Swali ni lile lile, majibu mawili. Yaani si sheria ya maumbile kwamba lazima iwe hivi. Ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu hubadilishwa.

Kwetu sisi hesabu hii inauma zaidi kwa sababu ya namna tunavyoishi. Kompyuta kwenye familia zetu haina mwenyewe mmoja. Kaka anainunua akiwa chuoni. Akipata kazi anampa mdogo wake wa sekondari. Mdogo akipata mpya, ile ya zamani inafutwa vumbi, inatiwa kwenye begi la Zanzibar, inakwenda kwa mtoto wa shangazi. Miaka 10 hiyo, mikono mitatu, nchi mbili. Microsoft 365 ya familia ni ya watu 6. Watu 6! Kwetu hao ni waliokuja kunywa kahawa tu, familia yenyewe bado iko njiani. Nawatania, lakini si sana: aliyeandika "familia" kwenye leseni ile alikuwa na picha ya nyumba moja na meza moja. Hakuwa na picha ya ami Darsait, khalati Pemba na binamu Manchester.

Mimi yalinifika mwaka juzi. Nilinunua programu ya kuhariri sauti, leseni halali ya kompyuta 2. Moja laptopu, moja ya mezani nyumbani. Nilikuwa namrekodi bibi habari za safari yake ya kuja Oman, moja kwa moja ndani ya programu kama mwongozo wake unavyoelekeza, na faili zake hazifunguki kwengine. Kiangazi madabodi ya laptopu ikafa. Fundi wa Ruwi akatia nyengine, siku mbili, kazi safi. Wiki hiyo hiyo ya mezani nayo ikaharibika diski, akaibadilisha. Nikawasha. Programu ikaniambia kompyuta zangu ni 4, na ruhusa ni 2. Nikaandika barua kwa kampuni. Jibu: tafadhali izime programu kutoka kwenye kompyuta ya zamani. Ipi, ile madabodi iliyoko kwenye pipa la fundi? Tukaandikiana siku 11.

Siku hizo 11 watoto wa dada yake bibi walikuwa wamekuja kutoka Wete. Bibi alitaka wasikie ile sehemu anapomzungumza mama yao, marehemu, namna walivyoagana bandarini. Kila jioni ananiuliza, "Mwanangu, bado hawajakupa ufunguo?" Wageni wakaondoka Alhamisi. Leseni ikafunguliwa Jumapili. Nililipa kila baisa iliyotakiwa, na sauti ya bibi yangu ilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya kompyuta yangu, imefungwa na mtu asiyetujua.

Najua kuna watakaosema: si ungeivunja tu? Video ziko tele. Nawajibu hivi. Hapa Oman sheria ya hakimiliki, Amri ya Kifalme namba 65 ya mwaka 2008, inalinda programu za kompyuta, na pia inakataza kuvunja vile vizuizi vyenyewe. Ilikuja wakati Oman inajiandaa na mkataba wa biashara huru na Marekani, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2009. Kwa hiyo kufuli limelindwa na sheria hata pale aliyefungiwa ni mtu aliyelipa. Kwa wanaopenda kusema "hii si wizi, hakuna kilichopungua", Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilikaa Kuwait mwaka 1988 likasema haki za mtungaji na mvumbuzi zinalindwa kisharia. Na hata tukiweka sheria na dini pembeni, hizo programu zilizovunjwa mara nyingi huja na wageni wasioalikwa, wanaosoma nywila za benki yako.

Tena mimi kazi yangu ni kuandika programu. Najua kwa nini hesabu ipo. Bila ya mpaka wowote, ufunguo mmoja unatosha mji mzima, na yule kijana wa Nairobi au Dar es Salaam aliyekesha miaka miwili kutengeneza kitu chake hapati hata senti. Sitaki mpaka uondolewe. Nataka mpaka uwekwe mahali pake. Ukitaka kuzuia mji mzima usitumie ufunguo mmoja, angalia kama watu 2 wanautumia kwa wakati mmoja. Kuhesabu madabodi zilizokufa hakumzuii mwizi. Mwizi keshavunja zamani, hana habari na seva yako. Anayekwama ni aliyelipa.

Ninayoyataka ni manne, na hakuna hata moja lisilowezekana.

La kwanza, idadi ya kompyuta na masharti ya kuhamisha yaandikwe mbele ya kasha au ukurasa wa malipo, kwa Kiarabu na kwa lugha nyepesi. Yasifichwe ndani ya kurasa 30 ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Oman tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji, Amri ya Kifalme namba 66 ya mwaka 2014, na tuna mamlaka ya kuisimamia. Programu nayo ni bidhaa kama friji.

La pili, mwenye leseni aweze kuiondoa kompyuta iliyokufa mwenyewe, kwenye akaunti yake, hata saa 8 za usiku, bila ya kumwandikia mtu barua. Adobe wanakuruhusu utoke kwenye kompyuta ya zamani ukiwa kwenye mpya. Kama wao wanaweza, wengine nini kinawashinda?

La tatu, leseni ikiisha au ikikwama, programu ikubali angalau kufungua kazi yangu niione na niitoe. Office ikiisha muda wake bado inakuonesha barua zako na kuzichapisha, inakuzuia kuhariri tu. Hiyo ndiyo adabu. Programu ni yao, maneno ya bibi ni yetu.

La nne, kampuni ikizima seva ya zamani, iwaachie wateja njia. Mwishoni mwa mwaka 2012 Adobe walipozima seva ya Creative Suite 2, waliwatolea wenye leseni toleo lisilohitaji kuamilishwa. Na Adobe hao hao, Oktoba 2019, walitangaza kuzifunga akaunti za Venezuela zote kwa sababu ya amri ya serikali ya Marekani, kabla ya kupata ruhusa na kurudi nyuma mwezi huo huo. Wapiga picha na wachoraji wa nchi nzima walikaa wiki kadhaa hawajui kesho yao. Sisi ambao ndugu zetu wametawanyika kila bara, jambo hilo tulitazame kwa makini.

Huku tukidai, na sisi tujisaidie. Rekodi za wazee ziwekwe kwenye faili za kawaida, WAV au FLAC, zinazofunguka popote, hata kama unahariri kwa programu ya kulipia. Audacity ni bure na haimhesabii mtu kompyuta. LibreOffice vile vile. Na kama hamkujua: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, bure kabisa, wakati wengi wetu hapa tulikuwa bado shuleni tunaona haya kusema Kiswahili mbele ya wenzetu.

Kuhusu laptopu za begi la Zanzibar: Windows iliyokuja nayo kutoka kiwandani inaruhusiwa kusafiri nayo kwa mwenyewe mpya, lakini haihamii mashine nyengine. Uliyoinunua mbali dukani unaweza kuihamisha. Windows 10 ilikwisha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Kabla hujaitupa au kumpa mtoto kitu kisicho na ulinzi, itie Linux. Mafundi wanaijua, muulize wako.

Na mkienda dukani, kabla ya kutoa kadi, muulizeni muuzaji: kompyuta hii ikifa, nilicholipia kinakwenda wapi? Akijibu vizuri, nunua. Akianza kubabaika, weka kadi mfukoni, kisha tuandikieni alichosema. Tunakusanya majibu kwa ajili ya kipindi kijacho.