Joto la Januari Ulaya
Tarehe 1 Januari 2023, katikati ya majira ya baridi, kipimajoto cha Warsaw kilifika nyuzi 18.9 za Selsiasi, katika mji ambao mwezi huo mchana wenyewe huwa karibu na sifuri. Siku hiyohiyo Bilbao, kaskazini mwa Hispania, ilipita nyuzi 25. Kwenye milima ya Alps, miteremko mingi ya ski ilibaki nyasi na matope. Kilicholeta joto lile kinajulikana: upepo wa kusini-magharibi ulisukuma hewa ya moto kutoka Atlantiki, upande wa Afrika Magharibi, hadi Ulaya ya kati. Upepo wa namna hiyo umekuwepo siku zote. Kilichobadilika ni dunia unamovuma, iliyokwisha kuongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1 kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na gesi tunazochoma. Wapo wanaokimbilia kuilaumu El Niño kila hali ya hewa inapogeuka. Safari hii hawana hoja, kwani Pasifiki ilikuwa kwenye La Niña, kinyume cha El Niño, ileile iliyochangia kuinyima mvua Somalia na kaskazini mwa Kenya, na ambayo kwa kawaida huipoza dunia kidogo. Wengine walishangilia kwamba bili za gesi ya kupashia nyumba joto zitapungua. Naelewa, maisha ni magumu. Lakini theluji ya Alps ndiyo maji ya kiangazi ya Mto Po wa Italia, na wakulima wa mpunga wa huko walishapoteza mazao mwaka 2022, maji ya mto yalipopungua sana baada ya majira ya baridi yenye theluji haba.