Tembo la Mnazi na Mzigo wa Neno "Tamu"

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba tuzungumzie ladha. Si ladha ya shairi, bali ile ya ulimi wenyewe. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kina maneno mengi na makini ya kueleza vionjo, ila sisi wasemaji wake tumeyaweka kando, tukalitwisha neno "tamu" mzigo wa yote.

Nawaandikia kutoka Mafia, kisiwa cha minazi. Hapa mnazi una lugha yake. Tunda lake lina jina katika kila umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Anayeugema ni mgema, na kisu chake ni kotama. Hulifunga karara changa, akalikata ncha asubuhi na jioni, utomvu ukadondoka chomboni. Kibuyu kimeanza kuliachia nafasi dumu la plastiki, lakini kazi ni ile ile.

Utomvu huo unaposhuka ni mtamu mithili ya maji ya muwa. Hata hivyo, hamira ya asili haingoji ruhusa ya mtu. Baada ya saa chache tembo limechacha, lina povu na kilevi; likikesha limekuwa kali; likiachwa siku kadhaa hugeuka siki. Mti ni mmoja, chombo ni kimoja, lakini ladha ni nne. Mgema mzee atakueleza kila hatua na dalili zake. Mwulize kijana aliyehitimu kidato cha nne, naye atakujibu kwa maneno mawili: "tamu" na "kali".

Tuwatazame wenzetu wa Ubelgiji. Watawa wa abasia ya Westmalle walianza kupika bia mwaka 1836, na bia yao nyeusi iitwayo dubbel ina kilevi cha asilimia 7. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa nchi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Waonjaji wa bia za namna hiyo hawatosheki kusema kuwa ni nzuri. Hutaja rangi ya kahawia iliyokoza, povu zito, sukari iliyounguzwa, zabibu kavu, ndizi mbivu, karafuu, kisha uchungu mdogo unaobaki kooni. Karafuu! Si lazima iwe imetiwa humo hata punje moja. Harufu hiyo yaweza kuzalishwa na hamira. Wao wameazima kiungo kilicholipa jina Pemba na Unguja ili waeleze bia yao, nasi wenye karafuu tunaonja tembo letu na kusema "safi".

Je, ni upungufu wa lugha? Hasha. Tunao ukakasi, ule mkwaruzo ambao ulimi huupata kwa bibo au ndizi mbichi. Tunao ugwadu wa embe changa, na uchachu wa uji uliolala. Chakula kisicho na chumvi ni chapwa. Kilichopungukiwa na ladha ni dufu. Kilichotimia viungo kimekolea. Masalio ya chini ya chombo ni mashapo. Kwa maneno hayo naweza kulieleza tembo la asubuhi hivi: jeupe lenye ukungu kama tui jepesi, harufu yake ni ya unga ulioumuka, hutangulia utamu, ukafuata ugwadu unaouma kingo za ulimi, na mwisho hubaki ukakasi mdogo wa karara bichi. Sikuhitaji kuazima neno.

Methali yetu husema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kawaida tunaifundisha kama onyo kwa msifiwa. Mimi naisikia pia kama sifa kwa mnywaji, kwani walioitunga walikuwa na ulimi wa kuyatambua hayo maji. Asiyeweza kulitofautisha tembo dufu na lililo halisi hawezi kuitunga methali hiyo, wala hatamfichua mgema mdanganyifu.

Yupo atakayesema kwamba naitukuza pombe, tena katika kisiwa chenye Waislamu wengi. Namheshimu, na asiyekunywa asinywe. Msamiati huu si mali ya tembo peke yake. Ndio tunaouhitaji kwa dafu, kahawa, achari, mchuzi wa papa na halua. Hata asiyegusa kilevi hula embe.

Ninachokihofia ni kwamba maneno haya hayaishi kamusini, huishi midomoni mwa watu wa kazi. Vijana ninaowaona wakipanda minazi hapa Kilindoni hushuka na madafu ya kuuza. Wanaojifunza kugema ni wachache. Mzee akiondoka bila mwanagenzi, huondoka na jina la kila badiliko la ladha, na hakuna baraza litakaloweza kulisanifu neno ambalo halikulisikia.

Basi nawaombeni, malenga wenzangu: kila mmoja aketi na mgema, mpishi au mchoma samaki wa kwao, aandike maneno ya ladha na harufu anayoyasikia, pamoja na mahali yanapotumika. Kisha tuyatie katika tungo zetu, tena bila kuyafafanua pembeni. Msomaji asiyelijua neno ataliuliza kwa bibi yake, na hapo litakuwa limerudi nyumbani.